Je, mabara yaliganda kama utando juu ya uji?

"Mtaalamu, shikamoo. Ninafundisha jiografia kidato cha tatu hapa Mwanza. Katika somo la muundo wa dunia niliwaeleza wanafunzi kwamba dunia ilikuwa kama uji wa moto, ikapoa, juu ikafanya utando, na utando huo ndio ardhi tunayoikanyaga. Binti mmoja akanyoosha mkono: 'Mwalimu, kama ni utando mmoja wa uji mmoja, mbona kitabu kinasema chini ya bahari kuna mwamba mweusi mzito, na huku kwetu ni graniti nyepesi?' Nikamwambia nitamjibu wiki ijayo, na wiki yenyewe ndiyo hii. Halafu kuna kijana anayetembeza wageni kule ziwani. Anawaambia haya mawe yetu yaliyopandana ndiyo ganda la kwanza la dunia, yana miaka bilioni nne na nusu, na vipande anauza. Nimenunua kimoja kwa shilingi elfu tano. Je, nimeibiwa? Na hayo mabara ya kwanza yalitoka wapi hasa?"

Marahaba, Mwalimu. Nianze na elfu tano, maana najua ndiyo inayouma. Jiwe ulilonunua ni la kale kweli. Lilikuwepo kabla ya samaki wa kwanza, kabla ya mti wa kwanza, kabla ya kiumbe chochote chenye mguu. Ila umri uliotajiwa umetiwa chumvi. Graniti za Mwanza zina miaka kati ya bilioni 2.5 na 2.7, na dunia yenyewe ina bilioni 4.54. Mawe yenu yalipozaliwa, dunia ilikuwa imeshaishi karibu miaka bilioni mbili. Hilo si ganda la kwanza, ni mjukuu wake. Na kipande kama hicho ungekiokota bure nyuma ya shule.

Swali la binti ndilo zito. Mfano wa uji siusimangi, nimeufundisha mwenyewe kwa miaka miwili mpaka mwanafunzi mmoja akanibana kama ulivyobanwa wewe. Mwanzo wake ni sahihi. Wataalamu wengi wanakubaliana kwamba dunia changa iligongwa na kitu kikubwa kama sayari ya Mirihi, Mwezi ukapatikana kutokana na vifusi vya mgongano huo, na dunia ikayeyuka kwa sehemu kubwa. Ikapoa, na utando ukatanda. Tatizo linaanzia hapo: utando wa uji ni uji uleule uliokauka. Ukiuonja una ladha ya kilichomo sufuriani. Graniti haina "ladha" ya kilichomo ndani ya dunia hata kidogo. Mwamba wa chini ya ganda, katika lile tabaka nene ambalo vitabu vingine huliita koti la dunia, una silika (ile inayojenga mchanga na kioo) karibu asilimia 45 na umejaa magnesi. Graniti yako ina silika zaidi ya asilimia 70, na magnesi ni kiduchu. Kupoa peke yake hakuwezi kubadilisha kitu kiasi hicho.

Utando wa kwanza ulikuwepo, lakini ulikuwa mweusi, wa ukoo wa basalti, yaani lava nyeusi iliyoganda, sio graniti. Hakijabaki kipande ambacho sote tunakubaliana nacho. Kaskazini mwa Quebec, Kanada, kuna miamba myeusi inayoitwa Nuvvuagittuq. Mwaka 2008 watafiti waliipa miaka bilioni 4.28, wengine wakasema haizidi 3.8, na ugomvi huo haujaisha. Ukitaka kuona utando halisi, utazame Mwezini. Yale maeneo meupe unayoyaona Mwezi ukiwa mpevu ni feldispa, madini mepesi yaliyoelea juu ya bahari ya magma, yaani mwamba ulioyeyuka, yakaganda. Duniani mgandamizo ulikuwa mkubwa zaidi na maji yalikuwa mengi zaidi, hivyo feldispa haikupata nafasi ya kuelea namna ile.

Kuna dhana nyingine nataka uifute ubaoni kabla hatujaendelea. Chini ya miguu yetu hakuna bahari ya magma inayosubiri kupasuka. Koti la dunia ni mwamba mgumu. Ni wa moto sana, na hutiririka kwa mwendo wa sentimita chache kwa mwaka, lakini ni mgumu. Huyeyuka mahali mahali tu, tena kwa kiasi kidogo, na huo uyeyukaji wa kiasi ndio ufunguo wa jambo zima.

Nunua barafu ya ukwaju, ile ya kwenye kifuko wanayouza watoto mtaani. Toboa kona, ufyonze. Unachopata kwanza ni kitamu, kikali, cheusi kuliko juisi yenyewe ilivyokuwa. Endelea kufyonza, mwishoni kinabaki kipande cheupe kisicho na ladha, ambacho watoto hukitupa. Barafu ile haiyeyuki yote kwa pamoja. Sukari na ukwaju hutoka mapema, maji matupu hubaki yameganda. Sasa chukua ile juisi kali uliyoifyonza (tuseme umeikinga kwenye kikombe, tusidhalilishe sayansi), igandishe upya, iyeyushe kidogo tena. Itatoka kali zaidi. Mwamba nao ni hivyohivyo. Ni mchanganyiko wa madini mbalimbali, na unapopashwa moto, sehemu yenye silika nyingi, sodiamu na potasiamu huyeyuka mapema. Sehemu yenye magnesi hubaki imeganda. Ule uyeyuko ni mwepesi, hupanda juu, na huko huganda ukiwa mwamba wa aina nyingine kabisa. Bara halikuganda kutoka kwenye uji, Mwalimu. Lilikamuliwa, tena si mara moja.

Mkamuo wa kwanza ni kutoka kwenye koti kwenda basalti. Mwamba wa koti ukipanda juu, mgandamizo hupungua, na sehemu yake ndogo huyeyuka bila kuongezewa moto wowote. Kinachotoka ni basalti, silika asilimia 50 hivi. Jambo hili linaendelea leo katikati ya bahari zote. Zama zile lilikuwa na kishindo zaidi, kwa sababu dunia ilikuwa na joto zaidi ndani: urani na ndugu zake walikuwa wengi, na joto la kuzaliwa lilikuwa halijatoka. Barberton, Afrika Kusini, kuna lava ya zama hizo inaitwa komatiiti, kwa jina la Mto Komati. Ilitoka ardhini ikiwa na nyuzi joto karibu 1,600 za Selsiasi. Lava ya basalti ya leo haizidi sana 1,200.

Mkamuo wa pili ndio uliozaa bara, na huu hauwezekani bila maji. Basalti kavu inataka nyuzi zaidi ya 1,000 ili ianze kuyeyuka. Basalti iliyokunywa maji huanza kwenye nyuzi 700 na kitu. Ni kama magadi kwenye maharage: hayaongezi moto jikoni, lakini maharage yanalainika mapema. Maji ya bahari hupenya kwenye nyufa za lava, hubadilisha madini yake, na hufungwa humo ndani. Lava hiyo ikifukiwa chini kilomita 30, 50 au zaidi, joto hupanda, yale maji yaliyofungwa huachiliwa, na asilimia 10 au 20 ya mwamba, wakati mwingine zaidi, huyeyuka. Uyeyuko huo una silika karibu asilimia 70 na sodiamu nyingi. Ukipanda na kuganda unakuwa mwamba wa kijivu wa jamii ya graniti. Wanajiolojia huuita kwa majina matatu marefu ambayo hayana faida darasani. Wewe sema "graniti ya kijivu ya sodiamu" inatosha. Sehemu kubwa sana ya ganda la mabara lenye zaidi ya miaka bilioni 2.5 imejengwa na mwamba huo.

Unaweza kuuliza, tunajuaje kwamba ulikamuliwa kule chini? Mwamba wenyewe ndio unaotoa ushahidi. Kwenye kina kile hukua ganeti, hayohayo madini mekundu wanayouza wachimbaji wadogo. Ganeti ina tabia ya kushikilia baadhi ya elementi nzito adimu na kukataa kuziachia. Tunapopima hizi graniti za kijivu tunakuta elementi hizo zimepungua sana. Zimebaki chini, mikononi mwa ganeti.

Na hapa ndipo binti anapata jibu lake la uzito. Chukua ndoo ya lita 20, uijaze mwamba mzima bila nafasi ya hewa. Ndoo ya mwamba wa koti ina kilo 66 hivi, ya basalti kilo 60, ya graniti kilo 54. Ganda la bahari ni basalti, unene wake kilomita 7 hivi. Linapopoa linakuwa zito, huzama tena ndani ya dunia, ndiyo maana sehemu kubwa ya sakafu ya bahari haifikishi hata miaka milioni 200. Ganda la bara lina unene wa kilomita 35 hadi 40, na wepesi wake unalizuia kuzama. Limeelea juu ya koti kama gogo majini. Hivyo tuna aina mbili za ganda kwa sababu moja ni juisi ya mkamuo wa kwanza, nyingine ya mkamuo wa pili na wa tatu, huo wa tatu nitaufikia kwenye jiwe lako.

Sasa nifike mahali ambapo sisi wenyewe tunagombana, na nisingependa uwaambie wanafunzi kwamba jambo limekwisha. Basalti yenye maji ilifikaje kilomita 40 chini? Kambi ya kwanza inasema kwa njia ileile ya leo: mabamba, yaani vipande vikubwa vya ganda la dunia, yanasukumana, moja linazama chini ya lingine, linabeba maji yake hadi kwenye joto. Kambi ya pili inasema dunia ile ilikuwa na joto mno, mabamba yalikuwa laini, hayakuweza kuzama kwa mpangilio. Badala yake lava ilimwagika juu ya lava mpaka lundo likawa nene kama kule Iceland au zaidi, na sehemu ya chini ikapikwa na kuyeyuka, mabaki yake mazito yakidondoka ndani ya koti. Wapo pia wanaosema vimondo vikubwa vilisaidia kuyeyusha.

Mimi naegemea kambi ya pili kwa miamba iliyotangulia miaka bilioni 3.2 iliyopita, na sababu yangu kubwa ni Pilbara, magharibi mwa Australia. Ukiangalia picha ya setilaiti unaona miviringo mikubwa ya graniti iliyofura, kila mmoja upana wa makumi ya kilomita, na katikati yake mistari myeusi ya lava iliyobanwa. Inafanana na mandazi yaliyobanana kwenye karai. Graniti nyepesi ilipanda, lava nzito ikazama pembeni. Mabamba yanayosukumana huacha safu ndefu za milima, hayaachi mandazi. Lakini kuanzia bilioni 3 hivi picha inageuka, na ushahidi mmojawapo unatoka kwenye almasi. Vijichembe vya basalti iliyozamishwa na kupikwa vinavyokutwa vimenaswa ndani ya almasi ni vya kuanzia miaka bilioni 3 iliyopita kuja huku. Kabla ya hapo havionekani. Kuna jambo lilibadilika. Mwenzangu wa kambi ya kwanza akisoma haya atanipigia simu, na ana hoja zake.

Vipande vya kale zaidi viko wapi? Mwamba mzima wa kale kuliko yote ambao umri wake haubishaniwi sana unaitwa Acasta, kaskazini-magharibi mwa Kanada: miaka bilioni 4.03. Greenland, eneo la Isua na jirani zake, kuna miamba ya bilioni 3.7 hadi 3.8. Lakini chenye umri mkubwa kuliko vyote si mwamba, ni punje. Kwenye vilima vya Jack Hills, Australia, kuna mwamba wa kokoto na mchanga ulioganda, na ndani ya mchanga huo kuna punje za zirkoni, madini magumu yanayodumu kuliko mwamba uliyoyazaa. Moja iliyotangazwa mwaka 2001 ina miaka bilioni 4.404. Punje zenyewe ni ndogo kuliko punje za chumvi ya mezani.

Zirkoni ni saa nzuri kwa sababu moja: inapoganda hukaribisha urani na kufukuza risasi, ile metali. Risasi yote utakayoikuta ndani baadaye ni urani iliyogeuka. Nusu ya urani-238 hugeuka kwa miaka bilioni 4.47, na nusu ya urani-235 kwa milioni 704. Ni saa mbili kwenye mkono mmoja, zikikubaliana, unaamini. Punje za Jack Hills zilileta pia habari ya maji. Oksijeni iliyomo kwenye baadhi yake ni nzito kuliko inavyotakiwa kwa magma iliyotoka moja kwa moja kwenye koti. Maana yake, mwamba ulioyeyuka kuzifanya ulikuwa umeshaguswa na maji ya kimiminika juu ya ardhi. Kwa hiyo magadi yalikuwepo jikoni mapema sana, zaidi ya miaka bilioni 4 iliyopita.

Lakini tusikimbilie kusema mabara yalikuwa tayari. Ukikuta punje ya pilau kwenye shati la mtu unajua amekula pilau, hujui kama palikuwa na harusi. Zirkoni hutokea pia Iceland ya leo, ambako hakuna bara. Punje zile zinathibitisha kwamba mwamba wenye silika ulikuwepo. Ukubwa wake, kama ni kisiwa au Afrika nzima, hazisemi. Makadirio ya wengi ni kwamba zaidi ya nusu ya ganda la mabara lilikuwa limeshakamuliwa kufikia miaka bilioni 2.5 iliyopita.

Na Mwanza je? Shika jiwe lako, lipeleke juani, tumia kioo cha kukuza. Utaona feldispa nyeupe au ya waridi kidogo, kwatzi ya kijivu inayong'aa kama chupa iliyovunjika, na vipande vyeusi vinavyometameta: huo ni ulanga mweusi. Feldispa ya waridi na ulanga ni ishara ya potasiamu. Graniti ya kijivu niliyoieleza ina sodiamu zaidi. Kwa hiyo la kwako lina dalili za mkamuo wa tatu: ganda la kale la kijivu lilipashwa moto tena, likayeyuka kiasi, na juisi yake ndiyo ikawa hiyo. Lava za kale za mkamuo wa kwanza pia mnazo jirani, kule Geita, ndani ya miamba ileile inayobeba dhahabu, na ukanda huo unavuka hadi Nyanza ya Kenya. Kule kuporomoka na kupandana kwa mawe ni kazi nyingine kabisa, ya mvua na mizizi, na ni ya juzi tu. Jiwe la Bismarck, lile maarufu la hapo Mwanza ziwani, halikupangwa juu ya wenzake wakati lilipoganda; liliganda kilomita kadhaa chini ya ardhi, na nyufa zake ndizo zilizoliwa baadaye.

Kipande hiki cha bara mnachokalia kina mizizi mirefu, karibu kilomita 200, iliyopoa na kuwa migumu. Ndiyo sababu Bonde la Ufa lilipofika kwetu lilishindwa kukipasua, likagawanyika: mkono mmoja ukapita mashariki, mwingine magharibi kwenye Tanganyika. Na ndiyo sababu Mwadui kuna almasi, maana almasi hutaka kina cha kilomita 150 na ubaridi wa kutosha, na mizizi kama hiyo ndiyo huwa na vyote viwili.

Kuhusu kipimo: hakuna mtu anayeweza kukuambia umri wa jiwe kwa kuliangalia, wala kwa kulionja, wala kwa simu. Hata mimi hiyo bilioni 2.5 hadi 2.7 nimeitaja kwa sababu graniti za ukanda wenu zimepimwa, sijakipima kipande chako. Mkitaka kujua zaidi, pelekeni sampuli ana kwa ana Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, Dodoma, au idara ya jiolojia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wataweza kulitambua jiwe, kukuonyesha ramani ya eneo lenu, na kukuambia kama kuna haja ya kupima umri, kazi ambayo ina gharama na huchukua muda. Beba jiwe ambalo halijaozeshwa na mvua na jua, lililovunjwa kutoka mwamba wenyewe, na uandike mahali ulipolitoa. Jiwe lisilojulikana lilikotoka halina thamani maabara hata kama ni zuri. Na mtu akikuambia umtumie sampuli nje ya nchi, kumbuka hilo linahitaji kibali, ulizia kwanza Tume ya Madini.

Kwa kipindi chako cha wiki hii, ningeacha kitabu mezani. Nunua barafu za ukwaju za kutosha, wape wafyonze nusu, wasimame, walinganishe kilichotoka na kilichobaki. Binti yule mpe cha kukinga kikombeni. Atakaporidhika na graniti atakuuliza, na ninavyomsoma atauliza tu: kile kipande cheupe kinachotupwa, yaani mabaki mazito yenye ganeti, ni mengi kuliko graniti yenyewe, sasa yako wapi? Mwambie tunaamini mengi yalizama kwenye koti, na vipande vichache hurudishwa juu na volkano za almasi. Akitaka zaidi ya hapo, mwandikie barua ya kutembelea Dodoma pamoja na darasa. Yule kijana wa ziwani naye mfundishe kusema bilioni 2.6. Wageni wataendelea kununua.